Mkate wa Mwisho ni wa Mbwa

(Mazungumzo yaliyotolewa uwanjani mwa hekalu letu, Mtwara, jioni ya sherehe za maadhimisho)



Tulipoombwa kusema maneno machache katika sherehe hii, wengi walidhani tutazungumza juu ya korosho, au bandari, au jinsi wazee wetu walivyofika pwani hii kwa majahazi. Mambo hayo wenzetu wanayajua kuliko sisi, nao watayasema. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya mbwa. Tunawaona baadhi yenu mmeanza kutazamana. Tunawaomba mtuvumilie.

Kwanza tueleze neno hili “sisi”. Hatujitukuzi kama yule Mwingereza wa zamani aliyejitangazia utawala wake pale Msimbati. Ni sisi wa nyumba moja na ghala moja: mwenye kusimama mbele yenu, mkewe, mdogo wake, vijana wawili wa dukani, na daktari mmoja wa mifugo ambaye amekataa kabisa jina lake litajwe. Hatuna ofisi wala muhuri. Kazi yenyewe tumeianza kwa aibu, wala si kwa wema, na aibu hiyo ndiyo tuliyokuja kuieleza.

Katika nyumba zetu za Kigujarati kuna desturi ambayo kila mama hapa anaijua. Rotli ya kwanza inayotoka juu ya chuma ni ya ng’ombe, na ya mwisho ni ya mbwa. Tulipokuwa watoto Mikindani hatukuwa na ng’ombe, hivyo rotli ya kwanza waliila mbuzi wa jirani, nao walikuwa wakija mlangoni kwa saa kama wafanyakazi wa serikali. Ya mwisho mama yetu aliivunja vipande vitatu na kuiweka juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Mbwa aliyeila hakuwa wa mtu. Hakuwa na jina. Alipokufa alikuja mwingine, na mama akaendelea kuweka rotli kwenye jiwe lilelile.

Majirani zetu walikuwa Waislamu karibu wote, na kwao mbwa haingii ndani, na mate yake yakigusa chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hapajawahi kutokea ugomvi. Mwalimu wa madrasa aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu alimwomba mama jambo moja tu, kwamba mbwa asizoeshwe kukaa kwenye njia ya watu waendao msikitini. Mama akausogeza mlo wa mbwa hadi baada ya sala ya isha. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetusimulia, sisi watoto wa Kihindu, habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe mtu yule madhambi yake. Maharaj wetu naye alitusimulia habari ya mfalme Yudhishthira, aliyefika mlangoni mwa mbingu akaambiwa amwache mbwa nje, akakataa kuingia peke yake. Tulikua tukidhani kwamba watu wote wakubwa wanakubaliana juu ya jambo hili.

Baadaye tukasoma. Mnajua kwamba mwezi Machi mwaka 1866 Livingstone alifika kwenye mdomo wa Ruvuma, akaona mikoko haimpi njia ya kupitisha wanyama wake, akageuza na kuwashusha katika ghuba yetu ya Mikindani. Kibao chake kipo, watalii hupiga picha. Lakini ni wachache wanaojua aliowashusha: ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa pamoja na ndama, nyumbu wawili wa mizigo, punda wanne. Alikuwa na mbwa pia, mdogo mwenye manyoya ya kujikunja, jina lake Chitane. Wanyama wale aliwaleta ili kujaribu kama wangeweza kustahimili mbung’o. Jaribio lenyewe liliharibika, na Livingstone mwenyewe alilalamika katika maandishi yake kwamba askari aliowaleta kutoka Bombay waliwapiga ngamia na nyati mpaka wakapata vidonda, hata isijulikane kama wanakufa kwa mbung’o au kwa fimbo. Askari wale walitoka Bombay, ndugu zangu. Waliotoka katika nchi ya jivdaya, nchi ya kuwahurumia viumbe, ndio waliokuwa na fimbo mkononi. Chitane alifika mbali zaidi ya ngamia wote. Mwezi Januari 1867 walivuka kinamasi kipana, maji yakiwafika kiunoni, kila mtu akishughulika na pa kukanyaga, na mbwa wakamsahau. Aliogelea mpaka nguvu zikamwishia. Hakuna aliyemtendea ukatili. Walimsahau tu.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, na kwa miaka mingi ilikuwa habari ya kusomwa magazetini. Lakini ilipofika 2012 na 2013, bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa linajengwa na kiwanda cha saruji kinapanda, mji huu ulijaa watu, mitambo, kambi na maghala. Mwizi naye hakubaki nyuma. Kila mwenye ghala alitaka mbwa mkali. Sisi tulinunua Dar es Salaam mbwa jike wa Kijerumani, tukamwita Rani, na pamoja naye dume wa tumbo lilelile, kwa kuwa muuzaji alitupunguzia bei tukichukua wawili. Rani alipozaa mara ya kwanza tulipata watoto saba. Hatukuwa tumekusudia. Lakini kabla hawajafikisha miezi miwili walikuwa wamekwisha nunuliwa wote, na mmoja wa wanunuzi alilipa fedha tuliyokuwa tukiipata kwa magunia kadhaa ya mchele.

Mfanyabiashara akiona hivyo hufanya nini? Tulimzalisha tena. Jike hupata joto takribani mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku sitini na tatu hivi. Tulimzalisha kila alipopata joto, na kila mara kwa kaka yake. Mara ya tatu walizaliwa watoto wawili ambao nyonga zao hazikukaa sawa. Walitembea kama mtu aliyebeba ndoo nzito upande mmoja. Tuliwauza kwa bei ya chini. Hatukumwambia mnunuzi. Mara ya nne Rani alizaa watano, watatu wakafa wiki ya sita kwa kuhara damu, ugonjwa ambao daktari alituambia ni wa virusi vya parvo na kwamba chanjo yake ingewaokoa. Chanjo hatukuwa tumenunua. Rani mwenyewe alikonda, jicho moja likafanya ukungu wa buluu, homa ikaja na kuondoka. Ilikuwa ugonjwa wa mbung’o, uleule aliokuja kuujaribu Livingstone. Mbwa waliotoka nchi za baridi hawauwezi. Alikufa ghalani usiku, akiwa amefungwa mnyororo, kwa sababu ghala ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Hatukulia. Tunasema kweli. Tulihesabu hasara.

Kisha kazi za ujenzi zikapungua. Kambi zikafungwa, wageni wakaondoka kwa magari na ndege, na mbwa wakabaki. Kambi moja, ambayo hatutaitaja, iliacha mbwa wake getini na maji ya siku moja ndani ya sufuria. Wengine walijiunga na mbwa koko wa jalalani, wakachanganyika nao, na baada ya mwaka mmoja ukipita Mangamba au Chuno unaona mbwa wenye masikio ya Kijerumani na mbavu za njaa. Tuliwatambua. Mtu humtambua mbwa wa nyumba yake kama anavyomtambua mtoto wa dada yake.

Mambo mawili yalitupata katika mwaka mmoja.

La kwanza lilikuwa mtoto wa jirani yetu, fundi baiskeli. Alikuwa na umri wa miaka tisa. Aliumwa mguuni na mbwa aliyezaliwa ghalani kwetu, ambaye tulimuuza kwa mtu aliyehama na kumwacha. Baba yake hakuja kwa kelele. Alikuja dukani saa mbili asubuhi, akasubiri wateja waondoke, akatandika suruali ya mtoto juu ya meza yetu, ikiwa na matundu manne na damu iliyokauka. Akasema, “Mzee, sikwenda polisi. Nimekuja kwako kwa kuwa tunakujua.” Hakusema neno lingine.

Tukamuuliza mbwa yule alichanjwa lini. Akatutazama. Ni sisi tuliopaswa kujua.

Wengi wenu mnajua kichaa cha mbwa, lakini si wote mnajua jinsi kinavyofanya kazi. Virusi havikimbii ndani ya damu. Hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo yaweza kuchukua wiki au miezi. Kabla havijafika, mtu anaweza kuokolewa kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa robo saa, kisha kupata sindano za chanjo kwa awamu. Vikishafika, mgonjwa akaanza kuyaogopa maji, hakuna dawa, atakufa. Wataalamu hukadiria kwamba duniani hufa hivyo watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania peke yake makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 1,500. Wengi ni watoto, kwa sababu ya kimo chao, na kwa sababu mtoto akiumwa huficha asije akapigwa.

Siku ile chanjo haikupatikana mahali pa kwanza tulipokwenda, wala pa pili. Tuliipata jioni, mbali, kwa bei ambayo fundi baiskeli hawezi kuipata kwa mwezi. Tulilipa sindano zote. Msitupigie makofi kwa hilo, tafadhali; mtu hapigiwi makofi kwa kulipa deni. Mtoto alipona, au tuseme hakuugua. Sasa ni kijana mrefu. Mpaka leo akipita mbele ya duka letu huvuka barabara na kutembea upande wa pili, naye ana haki.

La pili lilikuwa Moti. Alikuwa mmoja wa wale wawili wenye nyonga mbovu. Kijana wetu wa dukani alimkuta njia ya kwenda Madimba, amelala kivulini mwa mkorosho. Alikuwa na mnyororo shingoni, au tuseme shingo yake ilikuwa na mnyororo ndani yake. Alifungwa akiwa mdogo, akakua, hakuna aliyeulegeza, na ngozi ikafunga juu ya chuma. Mwisho wa mnyororo ulining’inia kama shubiri mbili hivi. Alikuwa ameukata kwa kuvuta. Harufu tuliisikia kabla hatujamwona. Daktari alifanya kazi saa nzima kwa mkasi, kibano na maji ya chumvi, Moti akiwa amelala kwa dawa, na sisi tumeshika taa. Ulipotoka, daktari aliuweka mnyororo juu ya gazeti. Ulikuwa ni wa dukani kwetu. Tuliuagiza sisi, tukauuza kwa mita.

Ndipo tulipoacha kuuza mbwa. Ghala dogo la nyuma, lile tulilokuwa tukiweka mabati, tulilisafisha na kuligawa vyumba vinne kwa wavu. Tunapokea mbwa aliyegongwa, aliyemwagiwa maji ya moto, aliyenaswa na kitanzi cha waya. Vitanzi ni vingi sana huku kwetu, hasa ukikaribia Ruvuma. Watu hutegea nguruwe pori na swala, mbwa hupita kwanza. Waya ukikaza mguuni kwa siku mbili mguu hauponi. Tunaye mmoja wa miguu mitatu kutoka karibu na Kilambo, na kwa kukimbia anawashinda wa minne. Wapo pia majike wenye uvimbe sehemu za siri unaotoka damu. Watu hudhani ni laana au kichaa, huwapiga mawe mpaka wafe. Si laana. Ni saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana, na ni ya ajabu kwa kuwa inatibika vizuri kuliko saratani nyingi: sindano moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita, ya dawa iitwayo vinkristini, na uvimbe hunyauka kama boga lililokatwa mzizi.

Hapa tunafika penye ugumu, na tunaomba Maharaj atusamehe.

Kuna mbwa aliyegongwa na lori, uti wa mgongo ukavunjika. Alijikokota kwa miguu ya mbele. Daktari alisema siku ya kwanza kwamba hatapona na kwamba ni heri apigwe sindano alale asiamke. Nyumba yetu iligawanyika. Mama yetu, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alikataa katakata: sisi ni watu wa ahimsa, uhai hatukuutoa sisi, wala kuutwaa si kazi yetu. Mdogo wetu alimwuunga mkono. Tulisubiri siku tatu. Tulimpa maziwa, tulimgeuza, tulimfukuzia nzi. Siku ya tatu funza waliingia kwenye vidonda vya nyuma, naye hakuwahisi huko nyuma, ila aliwaona, akawa anageuza kichwa kuwatazama. Tukamwita daktari. Mama alikaa chumbani siku ile bila kula. Katika jambo lile sindano haitusumbui. Zinatusumbua zile siku tatu.

Baadaye tulijifunza kwamba ugomvi huo ni wa zamani. Mwaka 1926, mjini Ahmedabad, mwenye kiwanda mmoja tajiri, Ambalal Sarabhai, aliamuru mbwa sitini waliozurura kiwandani kwake wauawe kwa kuogopa kichaa. Watu wakachafuka. Wakamwandikia Gandhi, Mgujarati mwenzetu na baba wa ahimsa, wakitumaini atamlaani. Hakumlaani. Aliandika mfululizo wa makala katika gazeti lake, na barua za hasira zikammiminikia. Ukiondoa suala la kuua, ambalo wenye hekima bado wanabishana juu yake, kuna jambo moja alilolisema ambalo lilituchoma sisi hasa. Alisema mbwa asiye na mwenyewe ni alama ya uzembe wa jamii. Alisema kumtupia mabaki mlangoni si huruma. Mwenye huruma amfuge kwa ukamilifu, au atoe sehemu ya mapato yake kwa chama kitakachofanya hivyo.

Tulilisoma hilo usiku, tukalikumbuka jiwe la Mikindani. Rotli ya mama yetu ilikuwa ya upendo, hatuna shaka. Lakini mbwa aliyeila hakuchanjwa, alizaa kila mwaka, na watoto wake walikufa barabarani bila sisi kuuliza. Tulimlisha ili sisi tulale vizuri. Mama tulimsomea makala yale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Gandhiji hakuwahi kupika rotli. Tumewaachia ninyi mwamue.

Wafanyabiashara wenzetu, ninyi mna mfano wenu. Mwezi Juni 1832, Bombay, serikali ya Kampuni iliwalipa askari kwa kila mbwa waliyemuua, na askari kwa tamaa wakawa wanawafuata mbwa mpaka milangoni mwa watu. Wafarsi waliinuka, wakaungwa mkono na Wahindu, Wajaini na Waismailia. Walifunga maduka. Wakakataa kupeleka mahitaji kwa wanajeshi ngomeni. Mgomo wa soko kwa ajili ya mbwa! Ulizimwa kwa bunduki na kukamatwa watu. Lakini mwaka 1834 Sir Jamsetjee Jejeebhoy na Motichand Amichand walianzisha panjarapol ya Bombay, nyumba ya kutunzia wanyama wasio na mtu, na wafanyabiashara wakajiwekea tozo ndogo juu ya bidhaa zao ili kuiendesha. Ipo mpaka leo. Mtu ataniambia kwamba utajiri wa Jejeebhoy ulitokana kwa sehemu kubwa na kasumba iliyopelekwa China. Ni kweli. Nasi fedha yetu ya mwanzo ya kununulia dawa ilikuwa ileile tuliyowauzia watu watoto wa Rani.

Wengine hutuuliza, tena kwa haki: watu wana njaa, nanyi mnalisha mbwa? Swali hili hutuuma, hasa msimu wa korosho unapokuwa mbaya. Hatuna jibu lote. Tunalo nusu yake. Kwa fedha tuliyomlipia mtoto mmoja sindano tungeweza kuchanja mbwa wa mtaa mzima. Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, pamoja na Pemba na sehemu nyingine, iliwekwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na hesabu iliyotumika ilikuwa rahisi: wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba kichaa kilitoweka. Kikarudi mwaka 2016 chanjo ilipolegea, wakachanja tena, kikatoweka tena. Kupiga risasi na kutega sumu hakujawahi kufanya hivyo popote. Ukiua mbwa wa mtaa, nafasi yake huchukuliwa na wageni wasiochanjwa, na aghalabu anayekufa kwanza ni yule mpole aliyechanjwa, kwa kuwa haogopi watu. Na kwa wanaopenda sheria, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama na kumnyima chakula na maji ni kosa. Hata mnyororo wetu ulikuwa kosa.

Juu ya kuwapatia mbwa makazi tutasema kwa ufupi. Hatumtoi mbwa kabla hajachanjwa na kufungwa kizazi. Tunakwenda nyumbani kwa mwombaji mara mbili, mara ya pili bila taarifa, saa saba mchana, tukatazame kama kuna kivuli na maji. Tumewahi kumnyima mtu mkubwa wa mji huu, na mwaka ule hakununua kitu kwetu. Wenyeji bora tuliowapata si matajiri. Ni wakulima wa Ziwani na Nanguruwe, wanaohitaji mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe pori mashambani. Mbwa kule anatembea, ana kazi, anakula ugali na dagaa wanachokula wenyewe, na jioni watoto wanamwita kwa jina. Nao hawamtaki Mjerumani. Wanamtaka wa kienyeji, mwekundu, wa masikio yaliyosimama, asiyekufa kwa mbung’o wala kwa jua. Tumekuja kuamini kwamba wao ndio wanaojua biashara hii.

Ombi letu kwa Halmashauri tulikwisha liandika, na tunajua limezua mjadala. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tunaomba lango la nyuma la uwanja huu lifunguliwe kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita, ili daktari achanje mbwa na paka wa mtaa mzima bila malipo. Wapo wanaosema mbwa hawafai kuingia uwanja wa hekalu. Tumependekeza waishie kwenye mti wa mwarobaini, upande wa barabara, na tutaosha wenyewe. Majirani zetu wa msikitini tumekwenda kuwaona kwanza, kama mama alivyofanya zamani. Wametushauri tusiwapitishe mbele yao saa ya sala ya adhuhuri, ndiyo maana tumeandika saa sita. Mmoja wao amejitolea meza na kijana wa kuandika majina. Chanjo tumezinunua, zipo kwenye jokofu la daktari.

Ghalani kwa sasa wako watano. Yule wa miguu mitatu ameombwa na familia moja ya Ziwani, tutakwenda kuwaona kwa mara ya pili wiki ijayo. Jike mmoja mwenye uvimbe amebakiza sindano mbili. Wawili ni watoto waliotupwa kwenye kiroba karibu na soko, hawajafungua macho vizuri, na mke wetu huwaamkia saa nane usiku kwa maziwa. Wa tano ni Moti. Huyu hatumtoi. Hawezi kuvaa mkanda shingoni, kwa hiyo hufungwi, naye hulala kizingitini mwa duka, wateja wakimruka. Jana asubuhi tulimwona yule kijana wa fundi baiskeli amesimama upande wake wa barabara kwa muda mrefu kidogo, akimtazama. Kisha akaendelea na safari yake.

 Chakula kiko tayari, akina mama wanatungoja.